Nukta Niliyoisogeza na Kibanja cha Ma Katarina

Vijana wangu,

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu wetu alikuwa akisema herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Mkikuta neno nimelikosea, lisomeni kwa sauti, mtajua nilitaka kusema nini. Naandika polepole pia. Ukurasa mmoja unanichukua tangu chai ya asubuhi mpaka ndizi za mchana ziive jikoni, na siku nyingine zinaungua.

Mwezi uliopita watatu kati yenu mlipita hapa kwangu Kitendaguro, Bukoba, mkitoka kuhesabu migomba. Mlikuwa na tableti. Mlinionyesha chati yenye nukta nyingi, kila nukta kibanja cha mtu, yaani shamba lake la migomba, na mmoja wenu, yule binti mwenye koti la mvua la bluu, aliweka kidole juu ya nukta akaivuta. Akacheka. "Ma Adventina, tazama, inasogea."

Mimi sikucheka. Nilimwambia airudishe. Akairudisha, karibu na pale ilipokuwa. Karibu tu. Nilitaka kusema jambo lakini maneno hayakuja, maana tangu utoto wangu maneno hunijia watu wakishaondoka. Mkanywa uji, mkashukuru, mkapanda pikipiki zenu. Ndiyo sababu naandika. Kuna mwanamke wa Kamachumu ambaye nusura apoteze kibanja chake chote kwa sababu mimi nilivuta nukta moja namna hiyo hiyo.

Nianze na kuhesabu kwenyewe, kwa sababu nukta haitoki kwenye kompyuta. Inatoka miguuni.

Aliyenifundisha ni Ta Projesti; Ta ni heshima yetu Wahaya kwa mzee. Alikuwa mtu mzima tayari nilipoanza kazi, mrefu, mwenye kofia ya pama iliyokatika ukingo. Alinipeleka katika kibanja cha kwanza akaniuliza, "Utaanzia wapi?" Nikaonyesha mpakani. Akatikisa kichwa. "Anzia mlangoni mwa nyumba, mwana wange. Migomba ya karibu na nyumba ndiyo inayokula majivu na maganda, ndiyo mama anayoipenda. Ukianzia huko nje atadhani umekuja kupima shamba ulichukue. Ukianzia mlangoni atajua umekuja kumtazama mgonjwa."

Mpaka leo nawaambieni, anzieni mlangoni. Pigeni hodi, msalimie Kihaya kama mnakijua, msipokijua msalimie kwa Kiswahili chenu hicho hicho lakini msimame. Msisalimie huku mnatembea.

Ugonjwa wa mnyauko mnaujua, huku wengine tunauita unyanjano. Mmefundishwa kwa picha. Mimi naongeza machache. Jani likinyauka peke yake msiliamini, laweza kuwa jua au fuko aliyekula mizizi. Tazameni ua la mgomba kama limesinyaa, kateni ndizi moja mwone kama ndani imeingia rangi ya kutu, na mkikata shina subirini kidogo. Usaha wa njano hautoki kwa haraka. Ta Projesti alikuwa akikata, kisha anauliza habari za watoto wa mwenye nyumba, wa kwanza hadi wa mwisho, ndipo anatazama tena. Alisema kama mama ana watoto chini ya wanne umetazama mapema mno. Kisu pitisheni kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, hata kama mwenye nyumba anawaambia mnachelewa.

Sasa namna alivyohesabu. Hakupenda kuandika akitembea. Alikuwa na kahawa ya kutafuna mfuko wa kushoto, ile iliyochemshwa na majani ikakaushwa. Kila migomba kumi alihamisha tembe moja kwenda mfuko wa kulia. Akimaliza kibanja anaketi kwenye jiwe, anahesabu tembe za mfuko wa kulia, ananitajia, mimi naandika katika daftari langu. Nilidhani hiyo ndiyo elimu.

Miaka mingi baadaye ulikuja mradi wa migomba, na ofisi yake ikawa nyumba ya kupanga hapa hapa Kitendaguro. Pamoja na mradi akaja Bwana Denisi, kijana wa takwimu, mpole, anayekula karanga akiwa anafikiri. Aliingiza madaftari yetu yote katika laptopu. Nilikuwa na wasiwasi na mashine ile. Nilipokuwa msichana nilichora chati kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, kwa penseli na rula, na watu walisifu usafi wake. Sikuweza kusema mbele ya watu, hata kwaya kanisani niliimba mstari wa nyuma, lakini chati yangu ilikuwa safi. Nikaona sasa hata hilo limekwisha.

Siku ya kwanza Bwana Denisi alituita sote tukasimama nyuma ya kiti chake. Kwenye skrini kulikuwa na nukta kama mchele uliomwagika. Kwenda kulia ni ukubwa wa kibanja, kwenda juu ni idadi ya migomba. Kibanja kikubwa, migomba mingi, kwa hiyo nukta zilipanda kama kilima. Akasogeza mshale juu ya nukta moja, likatokea jina. Kijiji, mwenye kibanja, aliyehesabu, tarehe. Nilisogea mbele bila kujua. Katika karatasi yangu ya miraba nukta ilikuwa nukta. Hapa ilikuwa na mlango, na ukibisha unaitikiwa.

"Dada Adventina, njoo ushike wewe," akasema.

Nikashika mausi. Nikapita juu ya nukta moja moja nikiwasoma watu niliowafahamu. Nilivuta karibu, nikarudi mbali. Nilichora mraba kuzunguka nukta chache na mistari yao katika jedwali la chini ikawaka rangi. Sikuwahi kufurahia kazi namna ile.

Kisha Bwana Denisi akasema, "Sasa tuzipake rangi kwa aliyehesabu." Akabonyeza. Zangu zikawa bluu, za wengine kijani, za Ta Projesti nyekundu. Nyekundu karibu zote zilikuwa chini ya kilima, kana kwamba mahali popote Ta Projesti alipopita migomba ilipungua.

"Ta," Bwana Denisi akauliza kwa adabu, "vibanja ulivyopewa wewe vilikuwa na nafasi kubwa kati ya mgomba na mgomba?"

Ta Projesti akavua kofia. Kisha akatia mkono mfuko wa kulia, akatoa tembe mbili za kahawa, akazitazama, akatazama watu. "Hapana, waitu, wenzangu," akasema. "Nimezitafuna."

Tulicheka mpaka mwanamke wa jikoni akaja kuuliza kuna nini. Kumbe Ta Projesti alikuwa akitembea kutoka upande huu wa kibanja hadi upande wa pili na mdomo unatafuta kitu, mkono unaingia mfuko wa kulia, na migomba kumi inakwenda tumboni. Na tukagundua nyekundu chache zilizokuwa juu ya kilima. Huko mwenye nyumba alimkaribisha kahawa na yeye akaitia mfukoni kwa heshima, migomba ikaongezeka.

Wenzake walimtania mwaka mzima. "Ta Projesti, leo umekula vibanja vingapi?" Yeye alijibu, "Vitatu, na bado nina njaa." Vibanja vyake vyote vikahesabiwa upya, na yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda tena, mlango kwa mlango, akieleza sababu. Hilo la kueleza sikulitilia maanani wakati ule. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikajiambia mimi jambo kama lile likinipata nitakufa.

Sasa nifike kwangu.

Mnyauko ulipozidi upande wa Muleba, uliwekwa utaratibu. Kibanja chenye wagonjwa chini ya thelathini katika kila migomba mia, wang'olewe wagonjwa peke yao. Kikifika thelathini au zaidi, king'olewe chote, udongo upumzike, ndipo apande upya. Ni jambo zito, lakini ugonjwa unapita kwa kisu na kwa nyuki, na kibanja kimoja kinaweza kumaliza kijiji. Bwana Denisi akachora chati mpya. Kwenda kulia, idadi ya migomba. Kwenda juu, wagonjwa katika kila mia. Katikati akapitisha mstari mwekundu.

Asubuhi moja alikuta mahali nilipoandika sabini badala ya kumi na saba. Akafungua sehemu ya kusahihisha, akaivuta ile nukta ikashuka mpaka mahali pake, na jedwali la chini likabadilika lenyewe. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta daftari jingine, sikuona lile jedwali. Niliona nukta ikisogea tu. Kisha akaitwa mjini, akaniambia nipitie vibanja vya Kamachumu, huko huko Muleba, nihakikishe majina yote yamo.

Nikaanza. Ikawa shida, kwa sababu karibu na mstari nukta zilikuwa zimelaliana. Ukiweka mshale unapata jina la juu, la chini hulipati. Nikafanya nilichokuwa nikifanya kwenye karatasi ya miraba. Kwenye karatasi, nukta mbili zikigongana unaichora moja pembeni kidogo ili isomeke, kila mtu anaelewa. Nikazivuta. Moja kushoto, moja kulia, moja juu. Nukta saba. Zikakaa vizuri, zikapumua, kila jina likasomeka. Nilipomaliza nilikaa nyuma nikaitazama. Ilikuwa safi kama chati zangu za zamani. Nilijisikia nimerudishiwa kitu.

Programu ile ilijihifadhi yenyewe. Jioni Bwana Denisi akachapa orodha kutoka kwenye jedwali, orodha ikaenda Kamachumu.

Siku ya Jumanne Ta Projesti alikuwa akisoma kwa sauti nakala iliyobaki ofisini, akinywa chai. Akafika kwa Katarina, mjane. "Thelathini na tatu," akasoma. "Masikini. Ijumaa wanang'oa."

Nilikijua kibanja kile. Nilikuwa nimekihesabu mwenyewe. Ma Katarina alinipa kigoda, akanipa ndizi ya kuchoma, akatembea nami migomba yote mia mbili akiieleza kila mmoja kama mtu anayetambulisha ukoo. Mume wake amezikwa humo, nyuma ya nyumba. Hakuwa na mtoto. Ukoo wa mume ulikubali aendelee kukaa maadamu kibanja kinatunzwa, na shemeji yake, Jonasi, alikuwa akipita mara kwa mara kutazama kama kinatunzwa. Ma Katarina aliniambia wakati ule, bila kunung'unika, "Siku kibanja hiki kikiwa kitupu, mwanangu, nami nitakuwa mgeni hapa."

Nikafungua daftari langu. Migomba mia mbili, wagonjwa hamsini na wanne. Yaani ishirini na saba katika mia.

Nikaenda kwenye laptopu, nikaweka mshale juu ya nukta yake. Thelathini na tatu. Nikaweka juu ya nyingine niliyokuwa nimeisogeza. Nayo haikufanana na daftari. Ya tatu vile vile. Zote saba. Nyingine sita zilibaki upande ule ule wa mstari zilikotoka. Yake peke yake ndiyo iliyovuka, kwa sababu peke yake ndiyo niliyoivuta juu.

Ndipo nikaelewa kwamba mashine haikuwa karatasi. Kwenye karatasi ukisogeza nukta umesogeza penseli. Pale nilikuwa nimeitia migomba ya watu ugonjwa.

Mnataka kujua nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilinyamaza Jumanne yote. Bwana Denisi alikuwa chumba cha pili, nasikia karanga zake. Nikajaribu kurudisha mambo kimya kimya. Nikaivuta nukta ya Ma Katarina ishuke. Ikaandika ishirini na sita na pointi nane. Nikaivuta tena. Ishirini na saba na pointi tatu. Mkono haujui mahali hasa kitu kilipokuwa. Unajua karibu. Nikabonyeza kile kimshale cha kurudisha nyuma, kikarudisha ya dakika ile tu, ya siku iliyopita hakikuyajua. Na hata ningefanikiwa, orodha ilikuwa imekwisha kuchapwa. Karatasi ilikuwa Kamachumu, haisikii mausi.

Jumatano nikaja kazini nikiwa nimejiandaa kusema. Bwana Denisi akaniuliza, "Habari za asubuhi, Dada?" nikasema nzuri. Ikaishia hapo. Alhamisi mchana Ta Projesti alinikuta nyuma ya ofisi nimekaa kwenye ngazi na daftari mapajani.

"Umefiwa?" akauliza.

Nikamwonyesha daftari. Nikamwambia, nadhani kwa maneno kumi tu. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia, akaketi ngazi ya chini yangu.

"Kesho ndiyo wanang'oa," akasema.

"Najua, Ta."

"Unasubiri nini?"

"Naona aibu."

Akatia mkono mfukoni, akatoa tembe ya kahawa akaitafuna taratibu. "Mimi walinicheka mwaka mzima," akasema. "Unafikiri iliuma? Iliuma. Lakini niliposema nimezitafuna, kuhesabu upya kulianza siku ile ile. Ningesema ni nafasi kati ya migomba, tungekuwa bado tunaitafuta hiyo nafasi. Wewe leo aibu yako inakaa kwako, na panga linakwenda kwa Katarina. Inuka."

Sikuinuka mara moja. Nitawaambia ukweli, aliniinua yeye kwa kunishika kiwiko.

Bwana Denisi alinisikiliza akiwa amesimama. Nilimaliza, akageukia laptopu, akafungua ile sehemu ya kusahihisha, akaifunga. Akaifungua tena, akaifunga. Nilisubiri anifukuze.

"Mimi niliiacha wazi," akasema. "Na sikuhifadhi nakala ya madaftari kabla ya kuchora. Tumekosea sote wawili, Dada." Kisha akampigia mwenyekiti wa kijiji. Simu haikupatikana. Akapiga mara nyingi, mpaka ofisi ikafungwa.

Ijumaa alfajiri tuliondoka Bukoba na gari la mradi, sisi watatu, mvua ikinyesha. Baada ya Muhutwe barabara ilikuwa na utelezi. Tulipofika watu walikuwa wameshaanza. Migomba tisa ilikuwa chini, ile ya mlangoni, ile ya majivu na maganda. Ma Katarina alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani, anatazama. Jonasi alikuwa upande wa pili na fungu la vigingi, anapima kwa hatua mahali pa kupanda mikaratusi.

Bwana Denisi akaanza kusema, "Jamani, tunaomba msimame, kuna kosa katika orodha."

"Kosa la nani?" Jonasi akauliza. "Mnakosea vipi huko mjini, na huku watu wameshaanza kazi?"

Bwana Denisi akafungua mdomo. Nilijua atasema kosa la ofisi. Lilikuwa jibu zuri, lingenifunika. Nikasikia sauti inasema, "La kwangu," na ilikuwa yangu. "Mimi ndiye niliyehesabu. Nilipata hamsini na wanne. Kisha nikaisogeza nukta ya Ma Katarina kwenye kompyuta ili isomeke vizuri, nikaivusha mstari. Kibanja hiki hakipaswi kung'olewa."

Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja aliyeshika panga akasema, "Kusomeka vizuri? Yaani kupamba?"

"Ndiyo," nikasema. "Kupamba."

Jonasi akacheka. "Juzi mgonjwa, leo mzima. Kesho mtasogeza tena. Mimi nitaamini lipi?"

Lilikuwa swali la haki. Aliyejibu ni Ma Katarina. Aliinuka kwenye kigoda. "Ahesabu tena," akasema. "Sasa hivi. Na ahesabu kwa sauti, nimsikie mimi, na wewe shemeji umsikie."

Bwana Denisi akaninong'oneza kwamba siku zimepita, huenda ugonjwa umeongezeka. Nilijua. Kwa migomba mia mbili, sitini ndiyo mpaka. Nilikuwa na nafasi ya wagonjwa watano tu kuongezeka, na mnyauko haukungoja orodha.

Nilianzia mlangoni. Ile tisa iliyokatwa nayo ilipaswa kuingia, kwa hiyo niliinama juu ya kila kisiki. Utomvu wa mgomba mzima ni maji. Wa mgonjwa ni njano, mzito, unanata kwenye kidole. Visiki vitatu vilikuwa na njano. Sita vilitoa maji safi. Nilisema kwa sauti, "Watatu wagonjwa. Sita walikuwa wazima." Nikaendelea.

Ta Projesti alibeba moto wa kisu. Mwanzoni sauti yangu ilikuwa inakwama, watu wa nyuma wakalalamika hawasikii. Baadaye nikaitoa kama tunavyoitoa kwaya, kutoka tumboni, na ikaenda. Ishirini. Thelathini na mmoja. Kila mgomba niliousema mgonjwa Jonasi alikuja kuutazama kwa macho yake, na kila niliousema mzima aliutazama mara mbili. Ma Katarina alitembea nyuma yangu. Tulipopita kaburini nikashusha sauti, kisha nikaipandisha. Hamsini na wanne walitimia huku bado kukiwa na mistari minne ya migomba mbele. Hamsini na watano. Hamsini na sita. Mgomba mmoja wenye jani lililolala nilikata, nikasubiri. Nikakumbuka kuuliza habari za watoto, lakini pale hapakuwa na watoto wa kuulizia, kwa hiyo nilihesabu pumzi zangu. Njano ikatoka. "Hamsini na saba." Uliofuata, kando ya njia, sikuhitaji hata kukata. "Hamsini na nane."

Ilibaki kumi na mmoja. Nilikata mmoja mmoja. Yote ilitoa maji.

"Hamsini na nane," nikasema. "Haijafika sitini."

Jonasi aliutazama ule wa mwisho muda mrefu, akauminya kwa kidole chake, akakinusa. Kisha akakusanya vigingi vyake akaviweka begani. "Mhesabu vizuri siku nyingine," akasema, akaenda zake.

Siku ile ile wagonjwa wakang'olewa, wao tu. Ma Katarina hakunishukuru, wala sikutarajia. Aliniuliza jambo moja: "Hao sita waliokuwa wazima, wanarudi lini?"

Msimu uliofuata nilimpelekea machipukizi sita safi kutoka kwa mama yangu. Akakataa kuyapanda. Udongo ulikuwa haujapumzika, akanikaripia kwamba mtu wa mradi hapaswi kusahau jambo kama hilo. Nikarudi nayo. Nikayapeleka tena wakati ulipofika, tukayapanda wote wawili mbele ya mlango. Kibanja bado kipo, naye yupo. Nikienda Kamachumu lazima nipite, na kila nikipiga hodi ananijibu kutoka ndani, "Adventina, leo unanisogeza wapi?"

Baada ya hapo Bwana Denisi alibadilisha utaratibu. Madaftari yalinakiliwa kwanza yakafungiwa. Chati ya kutazama ikawa mbali na jedwali la kusahihisha. Anayebadilisha namba aliandika jina lake na sababu. Nukta zikilaliana kuna namna ya kuzifanya zionekane bila kuzigusa, kuzipaka rangi nyepesi au kuvuta karibu, muulizeni anayewafundisha. Yote hayo ni mazuri, yashikeni. Lakini tableti yenu ile inaruhusu kidole, na kidole kina wepesi ambao mausi haikuwa nao. Binti wa koti la bluu, sikukukemea siku ile na sikukemei sasa. Nukta uliyoirudisha karibu, kafungue daftari uirudishe mahali pake hasa. Kama hakuna daftari, rudi kwenye kibanja. Ukiona aibu, mwombe mwenzako akushike kiwiko.

Naomba mniandikie. Sitaki ripoti, nimesoma za kutosha. Kila mmoja achague nukta moja katika chati yake, afungue jina, aende mpaka mlangoni kwa mwenyewe, apige hodi na kusimama. Kisha aniandikie alichoambiwa, kwa mwandiko wowote alionao. Karatasi mwachieni mwenye duka la pembejeo karibu na stendi ya Kamachumu, huja Bukoba kila wiki na ananifahamu. Nitawajibu wote, kwa mwendo wangu. Na wewe binti, yako niandikie mapema, nataka kujua kibanja kile ni cha nani.